Kiswahili cha Wauza Simu na Kompyuta, na Mnunuzi wa Ikombe

Kijiji cha Ikombe kimekaa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini-mashariki, katika wilaya ya Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone yashuka hata majini na kuwaachia watu ardhi haba ya kulima. Wakaao hapo ni Wakisi, na wanawake wao wamesifika tangu zamani kwa ufinyanzi. Vyungu vyao hupakiwa mitumbwini, vikachukuliwa mpaka soko la Lyulilo, karibu na Matema, na siku ya Jumamosi hupangwa ufukoni vikawangoja wanunuzi wa Unyakyusa na wa mbali zaidi. Mnunuzi wa chungu hana haja ya karatasi. Hukiinua, akakitazama ndani na nje, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mlio mkali wamwambia kuwa chungu kimeiva motoni. Mlio mfu wamwambia kuwa kina ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Tena aliyekifinyanga, au ndugu yake, yupo papo hapo: aweza kuulizwa, na Jumamosi ijayo aweza kulaumiwa.

Mwuza vyungu huyo siku hizi ana simu katika pindo la kanga yake. Kwa simu hiyo hupokea maagizo kutoka Kyela mjini au Tukuyu, na kwa simu hiyo hiyo hulipwa. Lakini alipoinunua simu yenyewe hakuwa na cha kugonga. Mashine ya aina hii, iwe simu, redio au kompyuta, haitoi mlio wa kuifichua. Kilichobaki mikononi mwa mnunuzi ni maneno tu: maneno ya tangazo lililomvuta dukani, maneno ya karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na maneno yatokeayo juu ya kioo mara tu mashine inapowashwa. Maneno hayo ni maandishi kama maandishi mengine, nayo husomwa na watu wengi kuliko diwani au riwaya yoyote iliyopigwa chapa katika lugha hii. Ni ajabu, basi, kuwa hayajapata kuhakikiwa sana. Wataalamu wameshughulika na istilahi, yaani neno moja moja. Ama maandishi yenyewe, na namna yanavyomtendea msomaji wake, yameachiwa wafanya biashara.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Biashara ya vyombo vya umeme ilipoingia Tanganyika, iliingia kwa redio, na redio haikumdai mwenyewe maneno mengi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Ilipofika mwaka 1965 kituo cha taifa kikaitwa Radio Tanzania. Katika miaka hiyo ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, na jina lake la biashara, National, likajulikana mpaka vijijini. Philips ya Uholanzi nayo ikaunganisha redio Arusha. Mkulima wa mpunga wa Kyela aliyenunua redio alikutana na vifundo viwili vitatu tu, na kwa kuwa kampuni hazikumletea maneno alijitungia. Redio alisema “huifungulia”, kama mtu afunguliaye maji mferejini, au “huiwasha”, kama taa. Betri kavu ziliitwa mawe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na zilipochoka zikaanikwa juani kama dagaa. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wazima wengi mno, vikundi kwa vikundi, mbele ya vyombo hivyo, na hakuna aliyehitaji kitabu cha maelezo ili ajue kuvitumia. Redio ilisema mengi, lakini haikumsemesha mwenyewe. Haikumwomba ruhusa, wala haikumtaka akubali neno.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine. Ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; na mwaka 1974, baada ya mambo ya hesabu za serikali kwenda mrama, serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Kwa mintarafu ya lugha ilikuwa na tokeo moja lisilotajwa mara nyingi: mwananchi wa kawaida aliisikia kompyuta kwa miaka mingi kabla ya kuigusa, na wataalamu wakapata wasaa wa kuipa majina ilhali hakuna wa kuwapinga kwa mazoea. Ndipo zikatokea “ngamizi” na “tarakilishi”. La pili limeundwa kwa ustadi, maana ndani yake mna tarakimu na mna akili, nalo limepata makao katika vitabu vya shule vya Kenya. La kwanza lilikuwa na bahati mbaya ya kukaribia mno kitenzi cha kuangamiza. Tanzania watu walisema “kompyuta” na wakaendelea kusema hivyo. Hapana haja ya kulia juu ya jambo hilo. Neno la kigeni lililovaa silabi za Kiswahili si aibu. Meza na shati ni maneno ya namna hiyo hiyo.

Kinyume chake ni “kishikwambi”. Neno hili lilichekwa lilipotajwa mara ya kwanza, na huenda lingelala kamusini mpaka leo. Lakini katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba na mashine hiyo mkononi, na baadaye mashine hizo zikagawiwa walimu. Neno na kitu vilifika kijijini siku moja, mkono mmoja. Tangu hapo kicheko kimekwisha.

Mwaka 2004 ulileta majaribio mawili ya kuitia kompyuta Kiswahili ndani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa mwezi Desemba programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, nayo ilikuwa ya bure. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kuwa nayo itaandaa programu zake kwa Kiswahili, na ahadi hiyo ikatimizwa kwa programu zake za ofisi mwishoni mwa mwaka 2005. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Walakini pande zote mbili zilimlenga mtu mmoja, karani wa ofisini, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na haja ndogo kuliko wote. Karani alisoma sekondari kwa Kiingereza, akafundishwa kompyuta kwa Kiingereza, na vidole vyake vilikwisha kuzoea. Aliyekuwa na haja ni yule aliyeishia darasa la saba, naye hakuwa na kompyuta. Mshale ulipigwa vizuri, ila mnyama alikuwa kichaka kingine.

Mtu wa darasa la saba alikuja kufikiwa na simu, na aliyemfikia kwa werevu zaidi ni kampuni ya Transsion, yenye makao Shenzhen, China. Ilianzishwa mwaka 2006, nayo ndiyo mwenye majina ya Tecno, itel na Infinix. Haikuhangaika na soko la kwao. Iliitazama Afrika, mwaka 2011 ikafungua kiwanda Ethiopia, na mwaka 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa Shanghai. Siri yake haikuwa kubwa. Iliona kuwa mtu wa Afrika hubeba laini mbili au tatu ili akwepe gharama za kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine, ikamtengenezea simu ya kupokea laini mbili. Iliona kuwa umeme ni wa shida, ikatia betri ya kudumu. Iliona kuwa kamera nyingi huufanya uso mweusi uwe giza tupu, ikazirekebisha. Mfinyanzi wa Ikombe angeuelewa ustadi huu mara moja, kwa maana hata chungu hutengenezwa kwa kumfikiria atakayekipika: mdomo mpana wa kusonga ugali haufai kuwekea maji. Kwa sehemu hii ya kazi kampuni hiyo yastahili sifa kamili, wala haifai kuisifu nusu kwa sababu tu ni tajiri.

Basi mtu aliyetazamwa kwa makini kiasi hiki ameandikiwa nini? Kiswahili kilichomo ndani ya simu nyingi za leo hakikuandikwa na mwuza simu, bali na Google, mwenye mfumo wa Android unaoziendesha. Si Kiswahili kibaya, na mahali pengine ni kizuri kuliko asili yake. Chukuliwa neno “pakua”, litumikalo kwa kuteremsha kitu kutoka intaneti. Mwanamke wa Ikombe hupakua mara mbili kwa siku moja: hupakua vyungu kutoka mtumbwini, na jioni hupakua chakula kutoka chunguni. Mwenzake “pakia” naye ni wa mtumbwi vile vile. Hakuna aliyepaswa kuelezwa maneno haya. “Hifadhi” nalo ni neno lenye heshima, maana limebeba habari ya aliyehifadhi moyoni pamoja na aliyeweka ghalani. “Sasisha” lilizaliwa juzi kutokana na “sasa”, lakini limezaliwa kwa kanuni za lugha na sikio halilikatai.

Neno lenye kustaajabisha kuliko yote ni “vidakuzi”. Hivi ni vijalada vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya mashine ya mtu ili imtambue arudipo, na Kiingereza huviita kwa jina la biskuti, jina la kitoto lisilomtia mtu hofu. Kiswahili kimekwenda kwenye kudakua na udaku, yaani kupeleleza mambo ya watu na kuyatoa nje. Haijulikani kama aliyelichagua alicheka moyoni au hakujua alitendalo. Vyovyote iwavyo, hapa tafsiri imesema kweli ambayo asili iliificha. Lugha ya tafsiri hupata ushindi wa namna hii kwa nadra.

Kasoro huanza pale mashine inapotaka kitu kwa mwenyewe. Hapo Kiswahili chake, kilichokuwa wazi, hugeuka ukungu. “Ghairi” ni neno fasaha la pwani, na kughairi ni kubadili nia, kwa hiyo mfasiri hakukosea maana. Lakini mtu wa Ikombe alikuta Kikisi nyumbani na Kinyakyusa jirani. Kiswahili amekipata shuleni na sokoni, na huko neno hilo hulisikia mara chache. Angeandikiwa “acha” angejua njia ya kutokea. Mbaya zaidi ni swali lile liulizwalo kama programu fulani iruhusiwe “kufikia anwani” zake. Katika Kiswahili cha kila siku anwani ni mahali barua ipelekwapo, na kufikia ni kuwasili kwa msafiri. Asomaye hudhani aombwa jambo dogo, pengine kumwezesha mtu kumpelekea salamu. Kumbe aombwa majina na namba za jamaa zake wote, mwuza samaki, mjomba aliye Mbeya na mchungaji wa kanisa, wasomwe na pengine wanakiliwe kwenye mashine iliyo nchi nyingine. Swali linganyooka kama lingesema: je, programu hii isome majina na namba za simu ulizoziweka? Maneno ni mengi kidogo, na pengine kioo ni kidogo, ila nafasi ya matangazo huwa haikosekani.

Neno “kubali” lataka kutazamwa peke yake. Mswahili hukubali baada ya kuambiwa. Posa hukubaliwa, bei hukubaliwa, shauri la wazee hukubaliwa. Katika kila moja kuna upande uliokwisha kusema, na kuna wasaa wa kubishana. Mtu aulizwaye bei sokoni Lyulilo akajibu “nimekubali” kabla ya kuitajiwa angechukuliwa kuwa mlevi. Juu ya kioo cha simu mambo ni hayo hayo yaliyopinduliwa: neno la kukubali huja kwanza, kubwa na lenye rangi, na yale yanayokubaliwa yako nyuma ya mlango mwingine, kurasa kwa kurasa, na mara nyingi kwa Kiingereza. Kitenzi kimebaki na umbo lake, lakini kimenyang'anywa upande wa pili uliokifanya kiwe kitenzi cha heshima.

Matangazo ya redio yana ndugu wa neno hilo: “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Kila msikilizaji Tanzania aijua sentensi hii na kasi yake. Mtangazaji aliyekuwa akiimba kwa madaha juu ya bando au simu mpya hubana pumzi mwishoni na kuyatema maneno manne kama mtu akimbiaye mvua. Kwa umbo ni kitenzi kisicho na mtenda: nani azingatie, na kigezo gani? Haisemwi. Watu wameigeuza kuwa utani, na mtu akimwahidi mwenziwe soda humalizia kwa maneno hayo hayo. Utani huo ni uhakiki kamili, umefanywa na umma bila kungoja wasomi. Nao waonyesha kuwa masharti yasemwayo kwa namna hiyo hakuna ayasikiaye kama masharti.

Msomaji aweza kuuliza kama haya yote si mambo madogo, mradi simu inapiga na kupokea. Jibu limo katika namna biashara yenyewe ilivyobadilika. Redio ya National ikishauzwa, kampuni ilimaliza habari na mnunuzi, kama mfinyanzi anavyomaliza. Simu ya leo, tena ya bei nafuu hasa, huendelea kumpatia fedha mwenye kuitengeneza au washirika wake baada ya kuuzwa: kwa matangazo, kwa programu zilizotiwa humo tangu kiwandani, kwa huduma za kulipia. Mwezi Agosti 2020 ilitolewa taarifa kuwa simu za Tecno aina ya W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu haramu ndani yake, ambayo ilijaribu kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia pasipo wao kujua. Transsion ilisema kosa ni la mshirika mmoja katika njia ya ugavi. Iwe hivyo. Kwa uhakiki wa lugha, jambo la kuangaliwa ni kuwa hapo “kubali” lilikwisha kutendwa na mashine yenyewe, pasipo kidole cha mtu. Na aliyezoeshwa kukubali asichokisoma hana alama ya kumwonya kuwa sasa wamekubali kwa niaba yake. Salio lilipopungua alidhani mtandao umemla.

Ziko pia simu zitolewazo kwa mkopo, ambazo hujifunga zenyewe malipo yakichelewa. Kwa mwuza vyungu aliyepata msimu mbaya, simu iliyofungwa ni wanunuzi waliopotea na njia ya malipo iliyozibwa. Sharti la kufungwa liliandikwa mahali, bila shaka. Lakini kama liliandikwa kwa maneno ya “kuzuia matumizi ya kifaa”, na siyo kwa maneno manyofu ya “simu haitafanya kazi mpaka ulipe”, basi liliandikwa kwa ajili ya wakili.

Wapo wasemao kuwa mambo ya mashine ni magumu, na kwamba Kiswahili cha wazi hakiyawezi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilionyesha kinyume chake. Simu bandia zilikuwa zimejaa nchini, na ilitangazwa kuwa zitazimwa usiku wa tarehe 16 Juni. Mwananchi aliambiwa abonyeze *#06#, asome tarakimu zitakazotokea, azitume kwa ujumbe kwenda 15090, kisha atazame kama jina la simu litakalorudi ni sawa na lile lililoandikwa juu ya simu yake. Ni hayo tu. Vitenzi vinne, kila kimoja na mtenda wake, na mwishoni mtu apata jibu analoweza kulipima kwa macho. Bibi wa Ikombe asiyejua kusoma aliweza kufanyiwa hayo na mjukuu, naye akaelewa kilichofanyika. Kwa mara moja, mnunuzi wa mashine alipewa mahali pa kugonga akasikia mlio. Tangazo hilo lastahili kuingizwa katika vitabu vya mifano ya nathari ya Kiswahili cha karne hii, kabla ya insha nyingi zilizopewa tuzo.

Sheria nayo imesogea. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelifanya neno “ridhaa” kuwa msingi wa habari hizi. Limechaguliwa vema. Ridhaa yatoka katika kuridhika, na kuridhika ni hali ya moyo. Mtu aweza kukubali asiridhike, kama kila aliyeposwa kwa nguvu ajuavyo. Hakimu atakapoulizwa kama kidole kilichogusa “kubali” juu ya kurasa za Kiingereza kilitoa ridhaa, maneno haya mawili yatapimwa moja dhidi ya jingine, na wanafunzi wa lugha watakuwa na la kusema mahakamani kuliko wanavyodhani.

Kwa sasa Kiswahili kilicho hai zaidi juu ya vyombo hivi hakimo ndani ya boksi. Kimo mezani kwa fundi simu, katika kibanda cha Kyela mjini chenye bisibisi ndogo, pasi ya kulehemu na taa ya kukunja shingo. Fundi huita “kioo” kile kitoacho picha, na “tachi” kile kihisicho kidole, wakati karatasi ya kampuni huviita vyote viwili skrini. Tofauti hiyo ni ya fedha, maana kubadili kimoja si sawa na kubadili vyote, na mteja aijuaye haibiwi. “Kuflashi” kwake ni kuitia simu programu upya. Kenya neno hilo hilo ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, jambo ambalo Tanzania huitwa “kubipu”. Akiletewa simu isiyoshika moto, kwanza huuliza kama tatizo ni waya, ni tundu la kuchajia, ni betri, au ni mfumo wa chaji wenyewe, na kwa kila moja ana neno na ana bei. Mteja aliyevuka ziwa kwa mtumbwi asubuhi husimama, husikiliza, huuliza tena, hubisha bei ya tachi, kisha ndipo husema amekubali.